Basi la Alfajiri la Mgusu

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo mchana. Vumbi la mtaa wetu wa Nyankumbu limetulia, na bati la jikoni limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Wiki iliyopita binti yangu Noela alipiga simu kutoka chuoni Dodoma akaniuliza jioni huwa nazungumza na nani. Nikamwambia nazungumza na Zipora. Akauliza, na Zipora akishaingia kwake kulala?  Kesho yake nikanunua daftari hili, na leo ndiyo naanza kuliandika.

Tangu Julai mimi ni mkuu wa uendeshaji wa Shirika la Mabasi ya Mji. Kabla ya hapo nilikuwa na hiace mbili alizoniachia marehemu mume wangu Wiliam, na nilikuwa katibu wa chama cha wenye hiace. Shirika liliponiita, niliwashawishi wenzangu wakubali: hiace ziondoke barabara kuu zibaki njia za pembeni, na madereva wetu waajiriwe kwenye mabasi makubwa. Wengi walinuna. Zipora, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikubali kabla ya wote. Hiace yake aliipeleka njia ya pembeni ambayo haina watu, na mdogo wake Cornel sasa ni dereva wetu. Alikubali kwa sababu ni mimi niliyesema.

Mabasi ni kumi. Yana njia yake katikati ya barabara, yenye kingo za zege, na watu wanayaita mwendokasi kama yale ya Dar es Salaam, nusu kwa kujivunia na nusu kwa kejeli. Asubuhi nyingine yanatoka sita tu. Ndiyo kazi niliyoitiwa: yatoke yote, kwa wakati, na nauli ibaki ile ambayo mtu wa kawaida anaimudu.

Alhamisi, 9 Novemba

Mvua kutwa. Yametoka matano.

Jumanne, 14 Novemba

Nimekwenda kituoni alfajiri kuangalia basi la kwanza la kwenda machimbo ya Mgusu. Wanaolipanda ni wanawake tu: wanaotwanga mawe, wanaowapikia wachimbaji, wanaouza maji na sigara kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Nimekaa na Mama Bujiku, muuza uji. Miaka yote amekuwa akienda Mgusu kwa miguu, sufuria kichwani, kwa sababu bodaboda inakula faida yote ya uji. Sasa anakwenda amekaa, sufuria mapajani. Akaniambia tangu mabasi yaanze shingo imeacha kumuuma, na akanishukuru kama vile nimeyanunua mimi. "Wabeja, mayu," akasema, asante mama, ingawa yeye ndiye mkubwa kwangu.

Basi lilichelewa mno. Lilipofika lilikuwa linanuka dagaa. Nikamuuliza dereva, akasema labda ni mizigo ya abiria wa jana.

Jumapili, 19 Novemba

Misa ya kwanza. Baadaye Zipora kanipikia matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, tumekula barazani kwake tukiangalia mvua inavyokuja kutoka upande wa ziwa. Cornel hakuwepo. Zipora anasema siku hizi Jumapili hapumziki, Shirika linamtuma. Nikasema sina habari ya kazi za Jumapili. Akacheka akasema mkuu gani asiyejua watu wake walipo.

Ningeweza kukaa pale hadi kesho. Nyumbani kwangu hata redio inasikika kama iko kwa jirani.

Jumanne, 28 Novemba

Meneja mkuu, Bwana Davis, kaniita ofisini. Ni mtu mstaarabu, alikuja kutoka Dar es Salaam, hapandishi sauti na hasahau kumuuliza mtu habari za wanawe. Kanieleza kwamba Shirika linakula hasara na hasara kubwa iko kwenye safari za alfajiri. Atapendekeza kwa bodi nauli ipande na basi la alfajiri la Mgusu lisitishwe. Nikamwambia wale ndio wenye shida na basi kuliko wote. Akasema anajua. Akasema shida haiweki dizeli kwenye tenki.

Jumapili, 3 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Leo nimekwenda Nkome kwenye mazishi ya mwanakwaya mwenzetu. Tulipotoka makaburini, wenzangu wakataka kununua dagaa, tukateremka hadi mwaloni, ufukweni wavuvi wanakoshushia samaki. Kulikuwa na jua kidogo na kina mama walikuwa wanaanua dagaa haraka kabla ya wingu. Na pale, nyuma ya vibanda, lilikuwa limeegeshwa basi letu. Basi la Shirika, lenye rangi yetu na namba yetu ubavuni. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa na kupangwa kwenye nyasi. Vijana walikuwa wanapakia magunia ya dagaa kwa mlango wa katikati.

Cornel alikuwa amekaa kwenye usukani anakula muhindi wa kuchoma.

Aliponiona aliteremka, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema shikamoo dada. Sikuitikia. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema ametumwa. Nikamuuliza ametumwa na nani. Akaangalia chini.

"Dada, mimi ni dereva," akasema. "Nikipewa funguo naendesha. Usiniulize zaidi ya hapo."

Nikamwambia nilimdhamini mbele ya watu. Nikamwambia mambo mengi, mbele ya wale vijana, na yeye akasikiliza yote akiwa ameushika ule muhindi nyuma ya mgongo kama mtoto. Hakujitetea. Nilikasirika zaidi kwa sababu hakujitetea.

Nimerudi na gari la watu wa kwaya. Njia nzima nilikuwa nafikiria basi linalonuka dagaa na Mama Bujiku amesimama gizani analisubiri.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimesema kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wote. Nilidhani nikisema faragha nitaonekana namficha kwa sababu ni mdogo wake rafiki yangu. Bwana Davis akanishukuru kwa uadilifu. Kufikia mchana Cornel alikuwa amefukuzwa kazi.

Haraka namna ile. Hakuna aliyemuuliza nani alimpa funguo. Hata mimi sikuuliza tena.

Jumanne, 5 Desemba

Zipora kaja jioni. Hakuingia, alisimama mlangoni mvua ikimnyeshea mgongoni. Nikamwambia aingie, akasema amefika panapomtosha.

Akasema kwa upole, na ule upole ndio uliouma. Akasema hakuja kumtetea Cornel. Kama alikosa, alikosa. Amekuja kuuliza kitu kimoja.

"Ulipomwona Nkome, kwa nini hukuja kwangu kwanza? Tunatenganishwa na ukuta."

Nikasema kazi ni kazi.

"Basi," akasema, "umepata kazi. Mimi nilikuwa na rafiki."

Akaondoka. Nimeona taa ya barazani kwake ikizimwa, na hii ni saa ambayo kwa kawaida tungekuwa tumekaa pale.

Jumatano, 6 Desemba

Mvua.

Jumapili, 17 Desemba

Kanisani Zipora amekaa upande wa wanaume, karibu na mlango, ili tusikutane kwenye kutakiana amani.

Jumatatu, 25 Desemba

Noela hakuja. Alikwenda kwa kina mwenzake Singida, nauli za sikukuu zimepanda. Nimechinja kuku, nitamla siku mbili.

Jumatatu, 8 Januari

Hiace ya Zipora imerudi barabara kuu. Nimeiona mwenyewe, inashusha watu mbele ya kituo chetu. Nyuma yake zikafuata za wengine, na nyuma ya hiace bajaji, hadi zikaingia kwenye njia ya mabasi. Leo mabasi yetu yamekaa kwenye foleni kama magari mengine. Konda mmoja niliyemfahamu tangu akiwa mdogo akaniimbia dirishani, "Mama Noela, mwendokasi umekuwa mwendopole!" Watu wakacheka. Ningecheka na mimi zamani.

Siwezi kuwalaumu. Niliwaambia Shirika litawaangalia madereva wao, na wamemwona Cornel.

Jumapili, 14 Januari

Leo badala ya kwenda nyumbani baada ya misa nimekwenda yadi. Mabasi matatu hayakuwepo. Nikamuuliza mlinzi, Mzee Otmar, mabasi yamekwenda wapi Jumapili. Akanitajia bila kusita: moja Nkome, moja limebeba harusi Katoro, moja limekodiwa na wafanyabiashara kwenda mnadani. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwanzo, kila Jumapili, na wakati mwingine hayarudi hadi Jumatatu mchana. Funguo hutolewa na Bwana Davis mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kila mtu anajua, mama. Tulidhani hata wewe umo. Na ulipomchoma yule kijana, tukadhani hamkuelewana kwenye mgao."

Nimekaa kwenye benchi la walinzi mpaka mvua ikapungua. Kumbe ndivyo wanavyonitazama wakinisalimia asubuhi.

Jumatatu, 15 Januari

Nimeingia kwa Bwana Davis na kufunga mlango. Nilitarajia akane. Hakukana. Akaniagizia chai.

Akasema ruzuku tuliyoahidiwa inachelewa miezi. Mabasi hayasubiri miezi. Alipofika aliona njia mbili, kuyaegesha yote au kuyakodisha siku za Jumapili, akachagua kuyakodisha. Fedha haziingii mfukoni kwake, akasema, zinaingia kwenye dizeli na mishahara. "Na wewe mshahara wako wa Novemba ulitoka kwenye dagaa."

Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini Cornel alifukuzwa.

"Kwa sababu ulisema mbele ya watu. Jambo likishasemwa mbele ya watu, lazima aonekane mtu wa kuadhibiwa. Ungekuja hapa, kama ulivyokuja leo, angekuwa kazini."

Sijui kama ni mwongo. Nadhani si mwongo, na hilo linanisumbua zaidi. Lakini nimetembea kwa miguu hadi nyumbani nikilipanga jambo hili kichwani. Basi likienda Nkome Jumapili, Jumatatu alfajiri halipo, au lipo bovu. Mtu akilikosa mara mbili, mara ya tatu haji kituoni. Asipokuja, safari ya alfajiri inaleta hasara. Kisha hasara inatumiwa kuifuta safari. Tunajikata miguu halafu tunashangaa hatutembei.

Hapo zamani ningevuka ukuta nikamweleza Zipora, naye angeniambia nifanye nini. Nimemweleza Noela kwenye simu. Akasema, "Mama, acha kazi." Akasema ana mtihani kesho.

Alhamisi, 1 Februari

Nauli mpya imeanza, kwa majaribio. Basi la alfajiri la Mgusu limefutwa. Nilipinga kwenye kikao, nikawa peke yangu.

Ijumaa, 9 Februari

Mabasi yanapita nusu tupu. Vituo vipya vya bati vinang'aa, na chini yake wanalala mbuzi.

Jumatatu, 26 Februari

Mama Bujiku kaumia.

Leo alfajiri alikuwa anakwenda Mgusu kwa miguu na wenzake. Mvua ilinyesha tangu jana, wakakata njia ya mkato kupitia kalavati, na ukingo wake ulikuwa umeliwa na maji. Akatumbukia na sufuria yake. Wenzake hawakuweza kumtoa, wakamshika mikono kuzuia maji yasimchukue mpaka kulipopambazuka na wanaume wa maduarani wakaja na kamba. Nyonga imevunjika.

Nimekwenda hospitali mchana. Amelala ameangalia dari. Nikamwambia pole. Yeye ndiye aliyenibembeleza. Akaniuliza kama nimesikia nani ameshika kijiwe chake cha uji. Kisha akasema, bila uchungu wowote, kwamba yeye alijua tangu mwanzo lile basi halitadumu.

"Vilivyo vizuri huku kwetu, mayu, huwa ni vya kuonjeshwa tu."

Binti yake alikuwa pale, ananiangalia tangu nilipoingia. Alijua mimi ni nani. Hakunipa kiti.

Jumapili, 3 Machi

Sikwenda misani. Nimekaa dirishani nikamwona Zipora akitoka na mwavuli wake wa kijani, akatazama mlango wangu kidogo, akaendelea. Labda alikuwa anatazama mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Bodi imekaa leo. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusema, na mwenyekiti, Bi Rosemary, akanipa baada ya taarifa ya Bwana Davis.

Nilisimama.  Nikasema mabasi yanakodishwa, na nikasema yanakwenda wapi. Nikasema pia kwa nini yanakodishwa, jinsi Bwana Davis alivyonieleza, bila kupunguza, kwa sababu ilikuwa haki yake. Nikaeleza jinsi basi linavyokosekana Jumatatu na abiria wanavyopotea. Nikasema habari za Mama Bujiku. Mwisho nikasema nilimshitaki dereva aliyekuwa ametumwa, sikumfuatilia aliyemtuma, na yule kijana alipoteza kazi kwa sababu yangu.

 Bwana Davis alipoulizwa akasema, "Aliyosema ni kweli." Basi. Hata hakunigeukia.

Bi Rosemary akamuuliza mbona bodi haikuwahi kuambiwa kwamba kuchelewa kwa ruzuku kumefikia hapo. Akajibu kwamba bodi ilitaka kusikia mabasi yanatembea, naye aliwapa walichotaka. Bi Rosemary akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Nilipotoka, wafanyakazi wote walikuwa wameshasikia. Nilipita katikati yao, wakanipisha njia kama wanavyompisha mfiwa.

Ijumaa, 22 Machi

Maamuzi yametoka. Kukodisha mabasi ni marufuku. Nauli inarudi ilipokuwa. Basi la alfajiri linarudi. Ruzuku itatolewa mapema kwa mafungu madogo, na hiace zitapewa mkataba wa kuleta abiria vituoni kwa tiketi moja, jambo ambalo chama chetu kiliomba tangu mwanzo. Bwana Davis anaondoka. Mimi nakaimu nafasi yake.

Alikuja kuniaga. Akanitakia heri na akaniuliza habari za Noela. Mlangoni akasimama akaniambia nitakapokosa dizeli kwa mara ya kwanza nitamkumbuka. Huenda nikamkumbuka. Kwenye korido nimesikia wawili wakisema nilikuwa nakitaka kiti chake muda mrefu.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Mvua kubwa. Noela katuma ujumbe wenye picha ya maua.

Jumanne, 2 Aprili

Mabasi tisa. La kumi liko kwa fundi. Sijapata kuandika tisa tangu nianze.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda Nyarugusu kumtafuta Cornel. Nilisikia anafanya kazi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nilimpita mara ya kwanza bila kumtambua. Alikuwa mweupe wa vumbi toka nywele hadi viatu, na alikuwa anakohoa. Alinitambua yeye. Akaniamkia kama zamani, na leo nikamwitikia.

Tukakaa kwenye gogo mbali kidogo na kelele. Nikamwambia nilimkosea, na nimesema hivyo mbele ya bodi. Akasema amesikia. Nikamwambia kazi yake ipo, basi la alfajiri la Mgusu, akitaka. Akasugua vumbi la viganjani. Akaniuliza kama Zipora anajua nimekuja. Nikasema hatusemezani.

"Nitarudi," akasema. "Lakini usimwambie dada kwamba ulikuja huku."

Nikamuuliza kwa nini. Nilikuwa, Mungu anisamehe, nimeshapanga jinsi nitakavyobisha mlango wa Zipora kumpa habari.

"Akijua ni wewe, atakusamehe kwa ajili yangu. Namjua. Atakuja na chakula, mtakaa barazani, na moyoni hajakusamehe. Mimi sitaki kuwa bei ya kitu hicho. Akikusamehe, iwe ni yeye mwenyewe."

Nimeahidi. Sikujua ahadi inaweza kuwa nzito namna hii hadi niliposhuka Nyankumbu jioni nikakuta Zipora anafagia uwanja wake, na nikapita.

Ijumaa, 12 Aprili

Mabasi kumi.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua zinapungua. Mama Bujiku ametolewa hospitali, anatembea na fimbo ndani ya nyumba. Binti yake ndiye anayeuza uji sasa, na huwa anapanda basi la kwanza. Leo alinisalimia. Kwa kichwa tu.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo Cornel ameanza. Nilikwenda kituoni kabla hakujapambazuka, nikasimama nyuma ya nguzo ya mwisho nisionekane nimekuja kumsimamia. Wanawake wa Mgusu walikuwa wengi kuliko nilivyopata kuwaona, wamejifunga khanga juu ya masweta, sufuria na makarai miguuni.

Zipora alikuwepo. Alikuwa amemletea mdogo wake chapati kwenye kitambaa. Aliponiona hakuhama. Tukasimama pale sote wawili, kati yetu nafasi ya kutosha watu watatu, tukitazama upande ambao basi linatokea. Akasema, bila kunigeukia:

"Cornel amerudi."

"Nimesikia," nikasema.

"Amerudi mwenyewe. Hakuna aliyekwenda kumbembeleza."

Taa za basi zikatokea kwenye kona ya stendi. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, Nyarugusu, gogo, vumbi kwenye kope zake, na yangetosha kunirudisha barazani kwake.

"Ni kijana mzuri," nikasema. "Nimefurahi."

Akaitikia kwa kichwa. Basi likasimama, akampa Cornel chapati kupitia dirishani, akamwambia aendeshe polepole. Kisha akaondoka kwa njia ya sokoni, ambayo ni ndefu zaidi, na mimi nikasubiri mpaka nilipoona amefika mbali, ndipo nikaanza kurudi kwa njia yetu.